Kamati ya Kimea

Jumanne, 3 Juni

Mfamasia amenitangulia tena.

Tulikuwa wanne mezani, kama kila Jumanne: mimi, Mpimaji, Jaji na huyo Mfamasia. Mpimaji hupima ardhi na ni rafiki yangu wa miaka ishirini na sita. Jaji si jaji. Ni fundi wa majokofu, tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kukata shauri tangu azaliwe. Mfamasia aliletwa mezani petu miezi saba iliyopita na kikohozi cha Mpimaji. Kikohozi kilipona. Mfamasia akabaki.

Jumamosi ya wiki ijayo Mpimaji anatimiza miaka hamsini. Mimi ni mpiga chapa na nina mpango wangu tangu Januari: kalenda ya ukutani yenye picha zake kumi na mbili, kumi na moja akiwa na mimi. Ndiyo kwanza nafungua mdomo, Mfamasia kashasema. Kapata nyumba ya mapumziko mlimani, vyumba viwili. Twende Ijumaa, turudi Jumapili, kila mtu abebe chupa ya wiski, tuonje polepole kama watu wazima. Ataiita Wikendi ya Kimea. Akatufundisha kuwa kimea ni shayiri iliyolowekwa ikachipua, na ndiyo mama wa wiski. Mpimaji akampigia makofi! Mimi katika miaka ishirini na sita sijapigiwa makofi hata mara moja.

Kamati ikaundwa papo hapo. Mfamasia mwenyekiti. Jaji mjumbe. Mpimaji mgeni rasmi. Mimi katibu. Nikakubali kwa unyenyekevu. Mwenyekiti huongea, lakini anayeandika ni katibu.

Sina wivu. Naliandika hapa ili lijulikane.

Alhamisi, 5 Juni

Nimetuma kumbukumbu za kikao kwenye kundi letu la simu. Safi kabisa, zina namba. Chini, kwenye Mengineyo, nimeandika kwamba kamati iliazimia katibu alale chumba kimoja na mgeni rasmi, kama ilivyo desturi.

Na ni desturi kweli. Harusini, misibani, semina, popote tulipolazwa ugenini, kitanda cha pili kilikuwa changu. Mpimaji hukoroma mpaka glasi zinagongana kabatini. Mke wake mwenyewe ana godoro la akiba sebuleni. Wote wamemkimbia, nimebaki mimi. Mkoromo ule nimeuhangaikia ujana wangu wote. Hauwezi kwenda kwa mtu wa miezi saba.

Mfamasia akajibu kuwa jambo hilo halikujadiliwa. Nikamwambia lilijadiliwa alipokwenda msalani. Jaji akaulizwa. Jaji akasema huenda lilijadiliwa, na huenda halikujadiliwa.

Kisha pigo lenyewe. Mfamasia akaandika kwamba angependa kulala chumba cha Mpimaji yeye, auchunguze huo mkoromo kitaalamu, maana pengine una dawa. Dawa! Mpimaji akamjibu kwa vidole gumba vitatu. Mimi nilipomwambia nimepona malaria alinitumia kimoja.

Haya, nimesema: naona wivu. Nimeona wivu mpaka chakula cha mchana kimenishinda. Wahenga walituonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mimi. Msala una duka la dawa na viatu visivyo na vumbi.

Jumapili, 8 Juni

Mpango mpya. Nitamshinda kwenye pua.

Nimesoma kwamba wajuzi wa wiski hawanywi kwanza. Hunusa. Kisha hufumba macho na kutaja walichokisikia: moshi, ngozi, blanketi lililolowa. Mimi wiski huichanganya na soda mpaka ikubali yaishe. Lakini pua ninayo. Miaka yote nimenusa wino.

Mazoezi yameanza leo nyumbani. Moshi: nimenusa jivu, nikapiga chafya, jivu likahamia kwenye mashuka aliyoyaanika mke wangu. Blanketi: nimelowesha moja, la wageni. Ngozi: nikaingia mvunguni kuvitafuta viatu vya zamani vya shemeji yangu.

Mke wangu akanikuta huko. Akauliza kulikoni. Nikamjibu mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema ni kweli, ila aonavyo yeye cha mvunguni nimeshakipata na nimekivaa puani. Ikabidi nimweleze yote: kamati, vyumba, vidole gumba vitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na upawa mkononi.

"Baba watoto," akasema, "si umwambie tu mwenzio kwamba unaogopa atakusahau?"

Hajui mambo ya kamati.

Jumanne, 10 Juni

Fulana! Nilikuwa nanyoa ndevu wazo liliponijia. Nimejikata kwa furaha.

Wiski ikikaa pipani miaka mingi huheshimiwa. Mpimaji naye kakaa duniani miaka mingi. Basi kifuani, kwa herufi kubwa za dhahabu: KIMEA CHA MIAKA 50. Fulana nne, zote sawa. Mpimaji ataikunjua, atasoma, sauti itamkwama, atauliza ni nani aliyebuni. Mimi nitatazama chini. Nimeshafanya mazoezi ya kutazama chini.

Dukani kwangu hakuna kazi inayotoka kabla ya kupita kwa Bibi Msahihishaji. Ni mwalimu mstaafu, husoma kila mstari kuanzia mwisho kurudi mwanzo ili jicho lisidanganyike. Ni kanuni. Nimeibandika ukutani mwenyewe. Lakini Bibi Msahihishaji huchukua vidonge vyake vya presha kwa Mfamasia, na wakikutana hawaachani mapema. Siri ingefika kabla ya fulana. Nikamsubiri aende kula.

Mashine ikakataa kuwaka, kama kawaida yake. Nikamwandikia fundi kwa kompyuta yale yale ya kila wiki: mashine imekuwa kimeo tena, njoo. Ilipowaka nikaandika maneno yangu haraka. Sifa moja ya kompyuta yangu ni kwamba imeshanizoea. Nikianza neno inalimalizia yenyewe. Maneno ya fulana hutoka kinyume, kama ya kwenye kioo, ndipo hukandamizwa kwa moto. Nilipomaliza ya nne nikasikia viatu vya Bibi ngazini. Nikazikunja maandishi yakiwa ndani, nikazifunga kwenye boksi, nikazungusha gundi mara tano.

Akauliza hilo boksi lina nini. Nikasema karatasi za majaribio. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyekula chaki.

Ijumaa, 13 Juni

Tumefika salama. Baridi. Nyumba nzuri, lazima niseme, ingawa inaniuma kusema. Sebule yenye meko, madirisha mawili yanayotazama bonde, chumba kushoto na chumba kulia.

Mfamasia akalichukua begi la Mpimaji kwa mkono wake, akaliingiza kushoto. Nikasimama mlangoni na begi langu kama mpangaji aliyefukuzwa. Mpimaji akaniambia nisijali, ni utafiti tu. Akacheka. Kucheka kwake nako kumeniuma.

Mimi niko kulia na Jaji. Jaji hajui alale kitanda kipi. Amevijaribu vyote viwili, pamoja na changu nikiwa ndani.

Boksi liko chini ya mto wangu. Kesho.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi ilianza kwa neema. Mfamasia alitokea kwenye chai macho mekundu kama nyanya, nywele zimesimama upande. Akanivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya mgonjwa kama leo tunaweza kubadilishana vyumba. Nikamjibu kwamba kamati italitazama ombi lake. Moyoni nilicheza ngoma.

Ningeishia hapo! Ningeufunga mdomo na boksi!

Alasiri tukakaa kwenye meko kuonja. Mfamasia akamimina kidogo kidogo, akaeleza kila chupa ilivyokaa pipani, na Mpimaji akimtazama mdomoni kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Zamu yangu ikafika. Nikafumba macho. Nikaingiza pua ndani ya glasi, nikavuta. Nikatangaza: nasikia moshi. Nasikia ngozi. Tena nasikia, kwa mbali, blanketi lililolowa. Jaji akasema moshi ni wa meko, ngozi ni viatu vyake vilivyolowa asubuhi, na blanketi ni lile analolikausha nyuma ya kichwa changu. Wakacheka mpaka Mfamasia akamwaga yake.

Ndipo nikaona saa imefika. Nikasimama. Nikatoa hotuba fupi ya dakika tisa. Nikakata gundi, nikampa mgeni rasmi fulana ya kwanza kwa mikono miwili, nikaanza kutazama chini.

Sikusikia sauti ikikwama. Sikusikia chochote. Nikainua macho. Mpimaji alikuwa ameishika fulana mbele ya moto na midomo yake inasoma polepole. Nikasoma naye.

KIMEO CHA MIAKA 50.

Kimeo! Kila mtu anajua kimeo ni nini. Ni gari lisilowaka. Ni simu isiyoshika chaji. Ni mashine yangu. Na kompyuta, kwa vile kila wiki hunisikia nikiisema mashine, ilikuwa imenimalizia neno kwa upendo. Kwa herufi za dhahabu. Mara nne.

Nilimwona Mpimaji ananyanyuka na kutoka. Nikaiona ile meza ya Jumanne bila kiti changu. Miaka ishirini na sita imeungua kwa herufi moja. Mkono wangu ukanyooka wenyewe, ukamwonyesha Mfamasia.

"Maneno kanipa mwenyekiti," nikasema.

Hapo hapo Mpimaji akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alisema katika miaka hamsini hakuna aliyewahi kumwambia ukweli vizuri namna hii: goti bovu, mgongo mbovu, usiku ananguruma, asubuhi hawaki. Akaivaa juu ya sweta. Akamkumbatia Mfamasia, akamwambia hiyo ndiyo zawadi bora kuliko zote alizopata maishani mwake.

Nikasema ilikuwa yangu. Hakuna aliyenisikia. Mfamasia mwenyewe akaapa kuwa fulana hizi ndiyo kwanza anaziona. Mpimaji akasema unyenyekevu kama huo haupatikani siku hizi, akamkumbatia tena. Nikamgeukia Jaji anitetee. Na Jaji, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakata shauri bila kusita: utani huu hauwezi kuwa wa katibu. Katibu hana utani.

Nimevaa kimeo changu na kwenda kuosha glasi.

Jumapili, 15 Juni

Tulibadilishana vyumba. Mkoromo ulikuwa pale pale, kama nilivyouacha. Nimelala vizuri kupita wiki zote.

Asubuhi Mpimaji alikaa ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu. Goti lake lilimpa taabu. Akasema bila kuniangalia kwamba fulana ni yangu, anajua tangu jana. Kimeo ni neno langu. Nimemlalamikia mashine ile kwa neno hilo hilo miaka mitano. Alichokuwa haelewi ni kwa nini nimempa mtu mwingine.

Nikamwambia ukweli. Nilidhani atakasirika aondoke. Na kwa kuwa mlango ulishafunguka, nikamwambia na mengine: makofi, vidole gumba vitatu, begi lake kuingizwa kushoto. Nilijisikia vibaya nikiyasema. Mtu mzima, mwenye duka.

Akakaza kamba ya kiatu cha pili.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi si kiti, kwamba akikaa mwingine wewe huna pa kukaa."

Nilikunja shuka langu, nikalikunjua, nikalikunja tena. Naapa hapa kwa kalamu hii: wivu basi. Mfamasia ni mtu mwema. Jaji ni mtu mwema. Ulimwengu una nafasi.

Tulipokuwa tunaondoka gari la Jaji likazama kwenye tope. Jirani wa pale, mfuga nyuki, akaja na ubao akatusukuma. Mtu mchangamfu, mwenye ndevu. Yeye na Mpimaji waliongea muda mrefu kando ya barabara kuhusu mipaka ya shamba lake. Nikawaangalia kwa moyo mweupe. Nimefurahi sana kujiona nilivyobadilika.

Jumatatu, 16 Juni

Mpimaji alipiga simu saa nne. Kasema mfuga nyuki ni mtu wa ajabu. Ana masihara! Jana jioni walizungumza kwa simu saa nzima. Mwezi ujao anatualika sote wikendi ya kuonja asali, naye kesho atashuka mjini, Mpimaji kamkaribisha mezani petu. Alinisimulia masihara yake matatu. Katikati ya la pili alicheka mpaka akashindwa kumalizia.

Nikamwambia ni habari njema. Nikakata simu. Nikakaa kidogo. Bibi Msahihishaji akaniuliza kama naumwa.

Saa moja nzima! Na mtu wa jana!

Nimemwandikia Mfamasia kwa siri. Nimemkumbusha kuwa mimi na yeye tumetoka mbali, na kwamba sisi wenye meza hatuwezi kukaa kimya mtu akitushukia na mizinga yake. Ameniuliza tatizo ni nini hasa. Nimemwambia atalisoma kwenye ajenda.

Tunakutana kesho saa kumi na nusu, kabla ya wengine kufika. Mwenyekiti ni yeye, nimempa bila kupigiwa kura. Kumbukumbu za kikao nimeshaziandika.