Ombi la Kufutiwa Mila ya Jumatano

Kwa Mkuu wa Idara ya Masomo ya Msingi,
Chuo Kikuu.

Mheshimiwa,

Natumaini hujambo na kazi ya kuwafunza watoto wetu inasonga. Mimi ni fundi cherehani, baba wa mwanafunzi wako wa kozi ya msingi ya Jamii na Utamaduni wa Nchi. Nakuandikia kwa heshima zote, mikono ikinukia sabuni. Yamenifika shingoni, na ni haya:

1. Mwezi uliopita mliwatuma wanafunzi wakawaulize wazee wao habari za mila. Binti yangu alikuja na daftari, akanipita sebuleni, akaenda kuketi na bibi yake, yaani mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Nikamwambia, "Niulize na mimi." Akanijibu, "Subiri, baba, wewe bado hujawa chanzo cha habari." Nina miaka hamsini na miwili, Mheshimiwa.

2. Akamuuliza bibi kama ipo mila iliyosahauliwa. Mama mkwe alinitazama nilivyojinyoosha kwenye kochi, akalitazama karai la vyombo, akasema, "Ipo, mjukuu wangu. Zamani kila Jumatano mkwe wa kiume aliosha vyombo vya nyumba nzima. Ndiyo ilikuwa heshima yenyewe." Binti akaandika neno kwa neno. Mila hiyo imezaliwa mbele ya macho yangu. Hata kochi letu limeizidi umri.

3. Mhadhiri wako akampa alama za juu kabisa, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ugunduzi muhimu. Ihifadhiwe." Mke wangu ameihifadhi: ameibandika karatasi hiyo juu ya sinki. Nikifungua mdomo ananiambia, "Kabishane na chuo kikuu." Mimi niliishia darasa la saba. Nianzie wapi?

4. Wake za majirani walikuja kuisoma. Jumatano iliyopita kinyozi wa jirani alimwacha mteja na nusu ya nywele kichwani ili ayawahi masufuria. Seremala alikuwa na nafuu, kwa kuwa mama mkwe wake anaishi mji mwingine. Bibi huyo sasa amehamia kwake na mabegi matatu, eti asije akaonekana anadharau utamaduni.

5. Nilikwenda kumwona mhadhiri mwenyewe. Nikamweleza yote, tena kwa sauti. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akaandika: "Hasira ya wakwe inathibitisha jinsi mila hii ilivyokuwa na nguvu." Nilikwenda kama mlalamikaji, nikarudi kama ushahidi.

Kwa hiyo naomba mila hii ifutwe. Ikishindikana, mwanangu apunguziwe alama kidogo, ili utamaduni uwe wa hiari. Na hilo likishindikana, niandikisheni kozi hiyo nami nigundue mila yangu. Ninayo tayari, inahusu kulala mchana.

Nisalimie wahadhiri wote, karani mpole aliyenionyesha mlango wa kutokea, na wakwe wa kiume wote waliomo chuoni humo. Waambie tuko pamoja.

Wako katika povu,
Fundi cherehani, baba wa mwanafunzi.

Tanbihi: Barua hii naituma kwa sababu nimeshaibandika stempu, lakini jana ilikuwa Jumatano. Binti alikuwa chuoni, mke wangu kazini, hakuna wa kunikumbusha. Nilipofika jikoni nilimkuta mama mkwe ameshika kitambaa cha kukaushia. Mimi naosha, yeye anakausha, huku ananisimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akivunja vikombe na kuvificha kabatini. Tulicheka hadi sahani ikatuponyoka. Miaka ishirini ameniita "yule fundi". Jana, akiokota vigae, aliniambia, "Angalia mguu, mwanangu." Tafadhali msifute kitu. Na kama pembeni ya karatasi ile pamebaki nafasi, mwombe mhadhiri aongeze Jumamosi.