Mabao Matatu ya Kimaren

Alhamisi, 8 Mei

Leo ni leo! Mama Germana, mkurugenzi wetu wa redio, ameniita ofisini. Jumamosi nitatangaza mubashara fainali ya mpira kati ya Mjini na Baray, kutoka uwanjani kulekule Baray. Nikifanya vizuri, kipindi cha michezo ni changu. Miaka minne nasoma salamu za watu wa Karatu, hatimaye wamekishtukia kipaji changu! Remigius wa kipindi cha asubuhi amenipongeza na uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nimempa mkono kistaa.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Barabara ya Baray tope tupu, na suti yangu mpya ni ya rangi ya krimu. Nimewaza, nikapata jibu. Binamu yangu Josephati anaishi Baray na ana simu. Atanieleza kila pasi, nami nitatangaza nikiwa studio, mlango nimefunga. Kelele za mashabiki ninazo, nilizirekodi kwenye harusi. Mama Germana yuko Mbulu. Akili hii sikufundishwa na mtu!

Jumamosi, 10 Mei

Dakika ya tisa simu ya Josephati ikazima. Chaji! Mwingine angelia. Mimi nikavuta pumzi, nikaendelea. Kimaren wa Mjini akafunga kwa kichwa. Akafunga kwa mguu wa kushoto. Nikaona wasikilizaji bado wana kiu, akafunga la tatu. Mechi ikaanza kupoa, nikampa Piusi, beki wa Baray, kadi nyekundu. Nimetoka studio nimelowa jasho. Nje bodaboda wanazunguka wakipiga honi, mji mzima shangwe. Kwa sababu yangu!

Jumatatu, 12 Mei

Kumbe mvua ilivunja mechi dakika ya kumi na mbili. Wachezaji wote walikimbilia kwenye hoteli ya jirani, wakaagiza chai, wakafungua redio. Kimaren anasema bao la tatu alilifunga akiwa na andazi mdomoni. Sasa Mjini wanakataa marudiano. Wanadai wameshashinda, na mbuzi wa zawadi ameshaliwa.

Piusi amekuja mwenyewe, mrefu kuliko mlango. Akauliza alimkwatua nani hadi atolewe, maana mkewe hasemi naye tangu juzi. Nikamweleza kwamba rafu ilikuwa mbaya, refa hakuwa na namna. Walinzi wawili wamemtoa.

Mama Germana hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema aliisikiliza mechi pamoja na baba yake mgonjwa, na mzee akainuka kitandani kushangilia. Kumbe alikuwa akishangilia uongo. Iliniuma. Kweli iliniuma, karibu robo saa. Halafu nikakumbuka: mgonjwa aliinuka!

Kipindi cha michezo amepewa Remigius. Mimi nimehamishiwa matangazo ya mifugo iliyopotea. Nikikosea tena, nirudi nyumbani kulima vitunguu.

Jumapili, 18 Mei

Marudiano yalikuwa jana, baada ya wazee kuwabembeleza Mjini. Remigius alikwenda hadi uwanjani, akarudi na tope mpaka masikioni, na matokeo sufuri kwa sufuri. Dakika tisini bila hata kadi! Aibu kwa fani.

Leo nimesoma tangazo langu la kwanza. Mzee Meitamei ametoka Soitsambu, safari ya siku nzima. Ng'ombe wake mwekundu, sikio la kulia limekatwa ncha, hajaonekana siku kumi. Maziwa yake ndiyo wanayokunywa wajukuu. Mzee amekaa upande wa pili wa kioo, fimbo magotini, ananitazama mimi tu, macho yamejaa machozi. Nani angevumilia?

Nikasoma rangi. Nikasoma alama ya sikio. Nikanyamaza kidogo, kama wanavyofanya watangazaji wakubwa. Kisha nikatangaza kwamba ng'ombe amepatikana, mzima wa afya, na amezaa.

Furaha ya mzee haielezeki! Nimeweka wimbo mrefu ili niandike haya. Anagonga kioo, anauliza yuko wapi. Naona niseme Engaresero. Ni mbali kidogo, lakini redioni jina linasikika vizuri.