Kamati ya Uchunguzi wa Kelele za Nyuma

Halmashauri ya Wilaya ya Nyambelele inapenda kuutaarifu umma kwamba gari la Mkurugenzi Mtendaji halipigi kelele. Sauti inayosikika upande wa nyuma, gari linapokata kona ya kulia, ni sauti ambayo bado haijathibitishwa. Wananchi wanaombwa wasiisikie mpaka taarifa rasmi itakapotolewa.

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa makao makuu ya wilaya, kati ya tangazo la chanjo ya mbuzi na orodha ya wasiohudhuria semina ya mahudhurio. Bujiku, dereva wa Mkurugenzi, alilisoma mara mbili. Kisha akasoma lililokuwa chini yake, ambalo lilimhusu yeye. Lilisema kwamba dereva huyo anatuhumiwa kwa kosa la kulalamisha gari la umma, na kwamba Kamati ya Uchunguzi wa Kelele za Nyuma isipopata chanzo kingine kufikia Ijumaa, chanzo kitakuwa yeye.

Bujiku alikuwa ameendesha magari ya Serikali kwa miaka ishirini na saba bila barua hata moja ya onyo. Ilikuwa imebaki miezi minne astaafu. Dereva anayestaafu huagwa kwa hotuba na keki. Dereva anayefukuzwa huagwa na mlinzi wa geti. Mama Esta, mkewe, alikuwa ameshaalika ukoo mzima kutoka Kharumwa kuja kusikiliza hotuba.

Kamati ilikuwa na wajumbe saba, nao walifanya kazi kwa bidii. Jumanne walitafuta tafsiri ya neno "nyuma". Jumatano Afisa Mifugo alipanda gari, akafumba macho, akaandika kwamba sauti, kwa jinsi alivyosimuliwa, inafanana na ya ndama aliyetenganishwa na mama yake. Afisa Utamaduni alibaini kwamba sauti haina kibwagizo, kwa hiyo haiko chini ya idara yake. Hakuna aliyeangalia chini ya gari, kwa kuwa hakuna mjumbe aliyeteuliwa kwa ajili ya kuinama.

Kama hatua ya mpito, gari lilipigwa marufuku kukata kulia. Bujiku alitekeleza agizo. Kwenye mitaa ya Nyambelele, kona moja ya kulia ni kona tatu za kushoto. Mkurugenzi akienda posta, ambayo iko mtaa wa pili, alipita mbele ya mgahawa wa Mama Sesilia mara tatu na kupungiwa mkono mara tatu. Alipopita mara ya nne, walimtolea kiti.

"Bujiku," alisema Mkurugenzi Cornel kutoka kiti cha nyuma kushoto, mahali pake pa siku zote. "Unaniaibisha."

"Nakata kushoto, Mkurugenzi. Kama waraka unavyosema."

"Hebu niambie, mzee wangu. Ulilifanya nini hili gari?"

"Mimi naona ni springi, Mkurugenzi. Linabeba sana."

"Kuona si kazi ya dereva. Dereva anaendesha. Kamati ndiyo inaona."

Bujiku akainua macho. Kioo cha juu kilimwonyesha Mkurugenzi akifuta jasho, na nyuma ya Mkurugenzi, turubai la pikapu lililokunjwa vizuri. Alijua turubai hilo hufunika nini kila Alhamisi. Lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu turubai, na katika miaka ishirini na saba alikuwa amejifunza kujibu lile tu aliloulizwa.

Katibu wa Kamati alikuwa Noela, Afisa Utumishi. Alikuwa na tabia ya kusoma karatasi kabla ya kuisaini, jambo lililowachelewesha wenzake wengi. Ni yeye aliyependekeza aitwe fundi. Mkurugenzi alikubali kwa sharti kwamba gari lipimwe uwanjani, mbele ya wananchi, ili uzembe wa dereva uonekane kwa macho. Hata aliandika mwongozo kwa mkono wake. Kifungu cha kwanza: gari lipimwe likiwa katika hali ileile liliyokuwa nayo lilipolalamika. Kifungu cha pili: kila kielelezo kisindikizwe na mtu aliyekuwa nacho.

Ijumaa saa nne, uwanja wa makao makuu ulikuwa umejaa. Fundi Eufrasia alikuwa ametoka Runzewe na basi la alfajiri, na jeki, nondo fupi na bisibisi ndefu ndani ya kiroba.

"Shikamoo, Baba Esta," alimwamkia Bujiku.

"Marahaba, mama. Mhola, habari za safari?"

"Mhola tu. Huyu ndiye mgonjwa?"

Alikandamiza kona ya nyuma ya gari kwa uzito wake wote, kisha akaiachia. Gari lilipanda mara moja, likatulia. "Shokapu nzima," alisema. Akalala chini, jambo lililowashtua wajumbe. Akaingiza nondo kwenye bushi moja baada ya nyingine, akazipekecha. "Bushi zimechoka, lakini hazilii." Akamwambia Bujiku azunguke uwanja kwa kukata kulia. Afisa Mifugo akaomba kibali maalumu cha kukata kulia, kikaandikwa, kikagongwa muhuri. Bujiku akazunguka mara tatu.

Kimya.

"Mmeona?" alisema Mkurugenzi akiwageukia wananchi. "Mbele ya fundi anaendesha vizuri. Ni makusudi."

Bujiku alihisi keki ikiondoka mezani.

Eufrasia hakumsikiliza Mkurugenzi. Alikuwa anafuta mikono. "Baba Esta, hili linalia lini? Siku gani, njia gani?"

Hatimaye mtu alikuwa ameuliza.

"Alhamisi," alisema Bujiku. "Tukienda machimboni Nyarugusu kwenye ziara ya mafunzo, kimya. Tukirudi, linalia kila kona ya kulia mpaka nyumbani."

"Mnarudi na nini?"

"Mafunzo," alisema Mkurugenzi.

"Mafunzo hayapasui springi, Mheshimiwa. Njooni muone." Eufrasia alielekeza bisibisi chini ya gari, upande wa kushoto, na kwa mara ya kwanza Kamati iliinama. Springi ya nyuma ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Bapa la pili lilikuwa na ufa. "Gari likikata kulia, mzigo unalalia kushoto. Ufa unafunguka, vyuma vinasagana. Likiwa tupu haliwezi kulia. Sasa nani anapakia upande mmoja?"

"Mimi. Upande wa pili kuna tairi la akiba," alisema Bujiku, kwa kuwa aliulizwa.

Noela akafungua kitabu cha safari. Kilikuwa na mwandiko wa Bujiku, safi, na kila ukurasa ulikuwa na saini ya Mkurugenzi. "Alhamisi," alisoma. "Kurudi: sampuli za mawe, viroba kumi. Alhamisi nyingine: sampuli, viroba kumi na viwili."

Hapa msomaji aelewe mila ya machimboni. Duara likitema, yaani mawe ya shimo yakionyesha dhahabu, mgeni mwenye cheo hufungashiwa viroba vyake. Mkurugenzi alikuwa amesaini waraka wa kukataza viongozi kupokea zawadi. Hakupenda kuuvunja waraka, wala kuwaudhi wenye maduara. Kwa hiyo alimwambia Bujiku, "Andika sampuli." Bujiku akaandika.

"Sampuli ni mali ya Halmashauri," alisema Noela. "Na mwongozo unataka gari lipimwe katika hali ileile. Mzee Bujiku, sampuli zilishushwa wapi?"

"Ninaposhushia siku zote. Nyuma ya nyumba ya Mkurugenzi, pale kwenye karasha."

Uwanja ulicheka. Mashine hiyo ya kusaga mawe ilisikika mtaa mzima, na rasmi ilikuwa ya kusaga mahindi.

"Kama si sampuli," Noela aliendelea kwa upole, "basi ni zawadi. Ila waraka wa zawadi..."

"Ni sampuli," alisema Mkurugenzi. "Tena muhimu sana."

Noela akaandika mbele ya wote: chanzo, sampuli. Dereva hana hatia. Kisha akafunga kalamu. "Basi zikachukuliwe. Kwa kifungu cha pili, Mkurugenzi atazisindikiza mwenyewe."

Walikuta viroba kumi na vitatu ambavyo havijasagwa. Bujiku alivipakia kushoto, kama kawaida, akafunika turubai, akafunga vizuri. Mkurugenzi aliketi mahali pake. Kutoka nyumbani kwake hadi uwanjani kuna kona nne, zote za kulia, na kila kona ilikuwa na watu waliokuja kusikia.

Kona ya kwanza ilipokaribia, Mkurugenzi aliinama mbele.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Huwezi kuzunguka kwa kushoto?"

"Ofisi iko kulia, Mkurugenzi."

Bujiku akawasha taa ya kuashiria, akapunguza mwendo kama sheria inavyotaka, akakata usukani. Gari likasema yote.