Kuagwa Rasmi kwa Korongo wa Muthara

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia mwaka huu hakuna ndege atakayehama Muthara kwenda Ulaya bila kuagwa rasmi. Mimi, Kiambi, Afisa wa Uratibu wa Uhamaji wa Ndege, ndiye niliyekabidhiwa jukumu hilo, na kusema kweli hakuna mwingine angeliweza.

Kwanza nililinganisha spishi. Korongo huondoka kwa makundi: wanangoja jua lipashe hewa joto, wanazunguka wakipanda juu, kisha wanateleza kuelekea kaskazini bila haraka. Hao wamezoea mikutano. Mbayuwayu huruka chini chini wakila wadudu njiani, yaani posho wanajilipa wenyewe. Kekeo huondoka usiku, peke yake, bila kuaga mtu. Nimependekeza aonywe.

Korongo walikuwa wakila viwavi katika shamba la mama mmoja, Karimi, alilokuwa ameanza kulima. Nikalizungushia kamba na kutundika amri: hakuna mtu, ng'ombe wala plau kuingia mpaka mhamiaji wa mwisho aondoke.

"Afisa, mvua iko hapo kwenye milima ya Nyambene!" Karimi akalia. "Nikikosa kupanda, watoto wangu watakula hiyo kamba yako?"

"Mama, tulia. Mkurugenzi wangu anakuja kuwaaga ndege kesho asubuhi."

Sherehe haianzi bila mgeni wa heshima, hilo kila mtu anajua. Asubuhi ikafika, tukakaa tukimngoja. Chakula kikapoa. Jua lilipokolea, korongo wakazunguka, wakapanda, wakaenda zao bila kujali itifaki. Mbayuwayu nao wakafuata. Mkurugenzi alifika alasiri, akaingiza gari hadi katikati ya shamba, akala, kisha akahutubia mbingu tupu mpaka mvua ikamwagika.

Gari likazama matopeni.

"Sukumeni!" akapiga kelele dirishani.

Hakuna aliyesogea. Karimi alisimama nje ya kamba na maksai wake wawili.

"Pole, mkubwa. Amri inasema mpaka mhamiaji wa mwisho aondoke. Na si wewe bado uko huko ndani?"

"Mimi si ndege!"

"Umekuja, umekula, sasa unataka kwenda. Tofauti iko wapi?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Lo, aibu niliyoiona siku hiyo!

"Kiambi! Futa hiyo amri! Sasa hivi!"

"Na asiirudishe tena," Karimi akasema.

"Asiirudishe!"

Nikakata kamba kwa mkono wangu. Maksai wakamvuta Mkurugenzi hadi barabarani, na kesho yake wakarudi shambani na plau.

Ripoti yangu sasa ina spishi ya nne. Huchelewa kufika, hula kabla ya kuaga, na huhama kwa kuvutwa na ng'ombe.