Kipimo cha Kiunoni Kimenitangaza Mvivu

Kambi ya karafuu, nje ya Madungu,
Chake Chake, Pemba.
Jumatano, 9 Novemba 2016.
Mwezi wa nne tangu nitoke nyumbani Makunduchi.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Utafiti wa Kupima Shughuli za Mwili,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wasaidizi wako na vipimo vyako vyote. Mimi ni Ngwali Vuai, mchumaji karafuu, elimu yangu darasa la sita. Ni yule ambaye kijana wako Othman alimfunga kiunoni kidude kidogo kama kibiriti, tukaambiwa kinajua mtu anapotembea, anapokimbia na anapokaa. Nilikubali kwa moyo safi. Jumamosi Othman alirudi kambini akasoma majibu mbele ya watu wote, na jibu langu lilikuwa hili: "Ngwali Vuai, sehemu kubwa ya mchana amekaa. Anashauriwa kufanya mazoezi."

Kwa heshima zote, nina malalamiko yafuatayo.

1. Mkarafuuni sikai. Asubuhi napanda, najifunga kamba kiunoni na kwenye shina, nasimama kwa vidole vya miguu juu ya tawi. Mkono mmoja unavuta matawi kwa kulabu, wa pili unachuma, mpaka adhana ya adhuhuri. Katika mwili wangu mzima ni kitu kimoja tu kilichoamriwa kutulia, nacho ni kiuno, kwa sababu kikitikisika nitashuka bila ngazi. Nanyi mmekifunga kipimo hapo hapo.

2. Jumapili moja nilipata nafasi nyuma ya pikapu ya samaki iliyotoka Tumbe. Nilijiegemeza kwenye tenga la vibua, na barabara ya kuingilia kambini kwetu unaijua. Kipimo kimeandika kwamba jioni ile nilikimbia, tena mbio za kishujaa. Othman akanipa mkono wa pongezi. Mheshimiwa, nilikuwa nimelala.

3. Msimamizi wetu, Mzee Silima, naye alifungwa kipimo. Kazi yake ni kukaa chini kwenye mkeka na kututajia matawi tuliyoyaruka. Lakini kwenye dhikri yeye ndiye wa mbele safuni, huinama na kuinuka mpaka kanzu ikaloa. Sina neno na dhikri, Mwenyezi Mungu aipokee. Ila kipimo kimemtangaza mchapakazi wa kwanza wa kambi, na tangu siku hiyo anapikiwa supu ya kuku arudishe nguvu. Mimi ananiambia, "Weye Ngwali, kumbe huko juu waenda kupumzika? Kesho shuka, ukachambue karafuu na kina mama." Kina mama wenyewe, wakiongozwa na Bi Mwanapili, wamenikataa. Wamesema wao wana kazi, hawataki mtu wa kuja kukaa.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwenzangu Mmanga, tuliyetoka naye Makunduchi, alimpigia simu mke wangu Mize kabla Othman hajafunga mkoba wake. Mize akanipigia mimi. "Miezi minne nawaambia watoto baba yenu anahangaika," akasema, "kumbe mpaka kipimo kimechoka kukutazama. Kama ni kukaa, hata hapa jamvi lipo." Asipopata maelezo yenye muhuri ifikapo Ijumaa, atachukua watoto arudi kwao Jambiani.

Kwa hiyo naomba nifungwe vipimo kila mkono na kila mguu, kimoja shingoni, na kimoja kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, maana hicho ndicho kinachobeba familia yangu. Mkiona ni vingi, basi lifungeni tawi. Linatikisika kutwa kuliko mimi. Kwa hesabu yenu tawi ndilo mchumaji na mimi ndiye karafuu. Ujira lipewe tawi, mimi nianikwe juani.

Na kama hilo nalo ni zito, panda wewe mwenyewe, Mheshimiwa, na kipimo chako. Nitakushikia ngazi, na sitakuambia neno ila utulize kiuno. Ukishuka, uandike kwa mkono wako kama ulikuwa umekaa.

Kuhusu mazoezi, Othman amenitaka niende uwanja wa Gombani kila jioni nikazunguke. Nitakwenda. Naomba tu nijulishwe ni nani atakayenibeba mpaka huko nikishashuka mtini.

Nisalimie wazazi wako, wasaidizi wako, na Othman, ambaye sina ugomvi naye, amesoma alichokiona. Bi Mwanapili anakusalimu. Mzee Silima naye anakusalimu, kwa sauti ya uchovu.

Ni mimi, mkaaji wa juu ya mti,
Ngwali Vuai.

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi Mize alipopiga tena. Nilianza kumweleza habari ya kamba na kiuno, ajue kwamba kutwa niko juu, akanikatiza. Kisha akanikumbusha kaka yake Abrahman, aliyeanguka mkarafuuni akiwa na nguvu zake na mpaka leo anageuzwa kitandani. Akasema kila msimu nikiwa Pemba yeye halali, na kwamba tangu Jumamosi, pamoja na hasira zake zote, amelala usingizi mzito. "Kwa hiyo wewe uko chini?" akauliza. Nikamwambia niko chini.

Basi, Mheshimiwa, usibadilishe kitu. Kama muhuri upo, piga kwenye jibu lile lile, uongeze kwamba nakaa chini kabisa, kwenye mkeka, tena kivulini. Mzee Silima nitamalizana naye mwenyewe. Mwambieni Mize nimepumzika vya kutosha, na kwamba mkesha wa Maulidi, inshallah, nitakuwa nyumbani.