Fomu ya Kipandio cha Tatu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeteuliwa. Mwenyekiti wa Kamati ya Kuzuia Kesi, Kanisa la Kilutheri la Vesterdal, Minnesota. Wajumbe: mimi. Mchungaji Haugdahl amesema Alhamisi anakuja mkaguzi wa bima. Asiporidhika, Jumamosi hakuna karamu ya samaki. Na samaki wakavu wameshalowekwa magadi kwa desturi yetu ya Kinorwe, mapipa sita, wageni wanatoka wilaya nne.

Bi Ardis Tollefsrud, miaka themanini na moja, anapika karamu hiyo tangu sijaota ndevu. Kasema ikifutwa safari hii, ndiyo basi, hatapika tena maisha yake. Nikamwambia atulie, mimi nipo. Akasema hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekagua kanisa zima. Ngazi ya kushukia jikoni, kipandio cha tatu kinacheza. Bi Ardis akasema kinacheza tangu Pasaka, kinataka misumari mitatu na mtu mwenye mikono. Nikamweleza kwa upole kwamba misumari ni mambo ya fundi, hili ni suala la sheria. Nimebandika tangazo: TAHADHARI. KIPANDIO HIKI NI KIBOVU. KANISA LINAJUA. Hayo ya mwisho nimeyaongeza ili watu wasidhani tumezembea.

Kwenye birika nimebandika: KAHAWA NI YA MOTO. Bi Ardis akauliza nani kaipika. Aliposikia ni mimi, akasema basi tangazo ni la uongo.

Nimemshauri pia Mchungaji aache kusema mimbarani kwamba Mungu atamlinda kila aingiaye humu. Ni ahadi nzito, haina mipaka, na tumeitoa mbele ya watu. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 5 Novemba

Usiku nimepata wazo. Fomu! Kila anayeshuka atie saini: mimi fulani nimeambiwa kipandio ni kibovu, nimekiona kwa macho yangu, nashuka kwa hiari, nikianguka sitalishtaki kanisa. Juu kabisa nimeandika: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilimsikia Bi Ardis akisema hivyo huku akikitazama kipandio, kisha akanitazama mimi. Maneno mazuri, nikayachukua.

Nimekaa juu ya ngazi na kalamu tangu asubuhi hadi wanakwaya walipomaliza mazoezi. Saini arobaini na saba. Mke wangu LaVonne ametia yake, akauliza kama na nyumbani tutakuwa tunatia saini kabla ya kula ninachopika. Nimesema ni jambo la kufikiria.

Bi Ardis amekataa katakata. Kashuka na sufuria ya viazi mikononi, akakiruka kipandio kama msichana. Nimeandika: amekataa, mbele ya mashahidi.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku mbaya.

Mkaguzi, Bwana Prochaska, ni mtu wa maneno machache. Alisoma tangazo. Akalisoma tena. Nikamkabidhi faili kwa mikono miwili. Akauliza kama yote haya ni kazi yangu. Nikasema, bila kujisifu, ni yangu peke yangu.

Akasema amefanya kazi hii miaka ishirini na sita, hajapata kuona mtu akimwandalia adui yake mashahidi arobaini na saba, kwa saini na tarehe, kwamba alijua ngazi ni mbovu na hakufanya lolote. Mtu akivunjika mguu hapa, wakili wake hana haja hata ya kutoka kitandani. Atarudi kesho adhuhuri. Kipandio kikiwa bado kinacheza, hakuna bima, hakuna karamu.

Bi Ardis aliyasikia yote. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani, akaondoka. Sijui nimeifanyia nini karamu yake. Chakula cha jioni kimenishinda.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepiga simu kwa mafundi watano. Wote wameshaenda msituni, kesho msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa. Hata fundi wa wilaya ya jirani, mwenye goti la chuma, yuko msituni. Saa tano asubuhi nikaenda kanisani kumwomba Bi Ardis msamaha kabla mkaguzi hajafika.

Nikamkuta kwenye ngazi, kapiga magoti, misumari mdomoni, nyundo ya kupondea nyama mkononi. Kumbe jana alitoka kwenda kununua misumari. Akaniambia kwa ishara nimshikie tochi. Nikashika. Dakika nne, basi.

Adhuhuri Prochaska akafika, akakikanyaga kipandio. Akaruka juu yake mara mbili, na si mtu mwembamba. Hakikucheza. Akatia sahihi yake, kisha akaniomba, kwa jina, nikae mbali na kalamu. Bi Ardis akafunga aproni yake. Ilibaki misumari minne, akanitilia kiganjani. Akasema, "Shika, mwanangu. Hujachelewa."

Niligeukia ukutani kidogo. Machozi yalinitoka, siyo siri.

Jumapili, 9 Novemba

Karamu ya jana imefana. Watu mia tatu na kumi na wawili, hakuna aliyeanguka. Bi Ardis amepigiwa makofi mpaka akakimbilia jikoni. Nami nilisimama kidogo, huenda kuna ya kwangu. Hayakuwapo. Lakini sahani yangu alinipakulia mwenyewe.

Wiki hii imenifunza. Kazi ni vitendo, si makaratasi. Leo baada ya ibada nimegundua kipandio cha pili nacho kimelegea, na sikusubiri kamati wala fomu. Nimekimbia nyumbani, nimechukua nyundo na ile misumari minne ya Bi Ardis, nimepigilia yote, mmoja kila pembe.

Tangazo limekaa imara. Hili halibanduki.