Ombi la Kumfelisha Mume Wangu

Kwa Mkufunzi Mkuu wa Karakana ya Friji,

...na hilo ndilo nililotaka kulimalizia jana pale getini, kengele ikatukatiza. Nilikuwa nimefika kwenye ombi lenyewe: naomba umfelishe mume wangu mtihani wa mwisho. Si sana. Apungukiwe kidogo tu.

Usinifikirie vibaya. Nampenda mpaka nikisikia anafungua mlango, moyo unaruka. Ndoa yetu bado mbichi. Zawadi nyingine hatujazifungua hata karatasi. Naandika kwa heshima zote, na sababu zangu ni hizi:

1. Kabla hujampokea, mume wangu alikuwa anajua kila kitu. Umeme anajua, ndege anajua. Wakati wa uchumba nilimsikiliza mpaka chai inapoa. Siku hizi ukimuuliza jambo, anatabasamu lile tabasamu lake (Mungu amlinde), halafu anasema, "Sijui, mke wangu. Tuangalie." Mbele ya wageni!

Mtazame shemeji, mume wa dada yangu, tunayemwita Injinia. Yeye hajawahi kutamka "sijui." Friji yao ilipojaa barafu aliikwangua kwa kisu, akatoboa bomba, gesi yote ikatoka. Akasema, "Nilijua tu." Sasa dada anaweka humo nguo za mtoto, lakini heshima ya mumewe iko palepale.

2. Ile sheria yako, kwamba mwanafunzi asiguse mashine kabla hajataja mambo matatu asiyoyajua kuihusu, imetuaibisha. Mwenye bucha alimwita, friji haipoi.

"Imekufa nini?"

"Bado sijui."

"Sasa wewe fundi gani?"

Mume wangu akaanza kuuliza: ilianza lini, nani alifanya usafi, nyuma yake kuna nini. Nyuma kulikuwa na magunia yameziba hewa. Wakayaondoa, friji ikapoa. Akarudi nyumbani shati jeupe pee! Majirani wataaminije kwamba alikuwa kazini?

3. Sheria hiyo imeingia mpaka ndani kwetu. Kila jioni ananiuliza, "Leo ni nini nisichokijua kuhusu wewe?" Nimejikuta nikisema kwamba ule mchuzi alioulamba mpaka vidole siku ya kwanza kwetu, aliupika dada. Hakukasirika. Alikunja mikono ya shati akasema, "Basi tujifunze." Tukaunguza sufuria. "Tumekosea wapi, kipenzi?" akauliza, kwa sauti tamu mpaka nikasahau kununa. Mkufunzi, mke asipopata hata nafasi ya kununa, ataishije?

4. Mama mkwe alisema friji lazima izimwe mchana ipumzike kama binadamu. Mwanawe akajibu, "Mama, hilo sijui. Tupime." Akampa kipimajoto, mama akakaa nacho mchana kutwa, akaona mwenyewe friji iliyozimwa inavyopata joto. Tangu siku hiyo hashikiki. Kila anachoambiwa anauliza, "Umejuaje?" Juzi alimuuliza mwenyekiti wa mtaa, mkutanoni, katikati ya hotuba.

5. Hapa ndipo machozi yalipo. Kwa kuwa hakuna anayesema "sijui" vizuri kama yeye, umemwambia akifaulu utampeleka mji mwingine akafundishe wenzake, miaka miwili, akae nyumba ya walimu. Mimi hukunitaja. Mtu anayejua kila kitu hakuna anayemwita popote. Injinia analala kwake kila siku!

Kwa hiyo mfelishe, tafadhali. Nisalimie wakufunzi wote, mtunza stoo, na mama anayewachemshia chai.

Ni mimi, mwenye furaha isiyoenea kwenye karatasi,
Mke wa mwanafunzi wako

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, pasi imezimika nikinyoosha shati lake la mtihani. Nilitaka kuipiga makofi kama afanyavyo Injinia, mkono ukakataa. Nikaichomoa, nikajiuliza nisichokijua. Kwanza, kama soketi ina umeme. Nikachomeka taa, ikawaka. Pili, kama waya ni mzima. Nikaupapasa, karibu na plagi ulikuwa umekatika kwa ndani. Tatu, unafungwaje. Nikaenda kwa fundi redio nikamwambia "sijui," akanionyesha. Pasi ilipopata moto nilishangilia peke yangu chumbani.

Basi usimfelishe. Niambie tu kama chumba cha nyumba ya walimu kinaingia kitanda cha watu wawili. Kama hujui, usibahatishe. Nitakwenda huko kukipima mwenyewe kabla ya mwezi huu kwisha.